Nyakarenzo: Kazi Imfuate Mtu

Basi litokalo Kigali alfajiri hupita Huye, kisha huingia katika msitu wa Nyungwe, ambako maji ya mvua hugawanyika: mengine huelekea Mto Nile, mengine Mto Kongo. Abiria hufunga madirisha kwa baridi, na mara nyingine mbega huonekana kandokando ya barabara. Baada ya msitu huja mashamba ya chai, kisha Ziwa Kivu, na baada ya safari ya saa zipatazo sita basi hutua Kamembe. Hapo msafiri wa Nyakarenzo hupanda pikipiki akaingia vilimani, penye migomba, kahawa na maharage.

Nyakarenzo ni mojawapo ya tarafa 18 za Wilaya ya Rusizi, iliyopata sura yake ya leo mwaka 2006, mikoa ya zamani, Cyangugu ikiwamo, ilipovunjwa. Ng'ambo ya Mto Rusizi ni Bukavu, na kwa ajili ya biashara ya mpakani Kiswahili kilizoeleka sokoni Kamembe muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Barabara iletayo sukari na sabuni ndiyo pia iwachukuayo vijana. Binti aliyesomea uhasibu hutazama kampuni ziliko, akaona ziko Kigali. Huko kampuni hulipa pango kubwa kwa ajili ya chumba cha kuweka meza yake. Naye hulipa pango la chumba cha kulala, nauli ya kila siku, na chakula ambacho kwao huchumwa shambani. Pande mbili hulipia jambo moja, yaani kazi na mtu kukaa mbalimbali.

Kwingineko watu wamekwisha kulitafutia dawa jambo hilo. Mwaka 1989 Mwingereza Mark Dixon alianzisha Regus mjini Brussels, kampuni ya kukodisha ofisi zilizo tayari kwa kazi. Nairobi ilipata iHub mwaka 2010, na Kigali ikapata kLab mwaka 2012, mahali ambapo vijana wa kompyuta hushiriki meza na intaneti. Siku hizi nyumba za namna hiyo hufunguliwa hata katika miji midogo ya Ulaya. Hoja yake ni nyepesi: badala ya kila kampuni kukodi ghorofa mjini, kampuni kadhaa huchangia nyumba moja karibu na wanakoishi wafanyakazi wao.

Kwa watu wa vilimani, kushiriki nyenzo si jambo geni. Mkulima wa kahawa halazimiki kununua mtambo wa kumenya. Hupeleka matunda yake kituoni pamoja na ya jirani. Kila moja ya tarafa 416 za Rwanda iliundiwa chama chake cha akiba na mikopo. Maseremala na wachomeleaji nao wamejengewa karakana za pamoja, ziitwazo udukiriro. Mhasibu akipewa meza katika nyumba ya pamoja, atakuwa ameufuata mwendo ule ule wa seremala.

Mwaka 2020 ulitoa funzo. Mwezi Juni, kwa sababu ya korona, usafiri wa kuingia na kutoka Rusizi ulizuiwa. Barabara ilifungwa, lakini simu ziliendelea kuita. Kuanzia Januari 2023 Serikali ya Rwanda iliweka saa za kazi kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ikaruhusu saa moja kabla ya hapo ifanyiwe kazi popote.

Hata hivyo meza peke yake haitoshi. Nyumba hiyo yataka umeme usiokatika ovyo, intaneti ya uhakika, mlango unaofungwa vema, na nafasi ya mama anayenyonyesha. Yataka pia ulinzi: karakana za Gisozi, Kigali, zimeshika moto zaidi ya mara moja, na palipo pamoja hasara nayo huwa ya pamoja. Zaidi ya yote, yataka haki. Kampuni iliyookoa pango la mjini isimtwishe mfanyakazi gharama za umeme na intaneti, wala isimpunguzie mshahara kwa kuwa anakula ndizi za kwao.

Masharti hayo yakitimizwa, mshahara utatumika Nyakarenzo: kwa mshona nguo, kwa muuza maziwa, katika ada ya mdogo wake mhasibu. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ofisi ya pamoja ifikapo kilimani ni mgeni. Haitapimwa kwa uzuri wa viti vyake, bali kwa idadi ya vijana wasiolazimika kupanda basi la Kigali.