Jino Lililozibwa Lilininyima Usingizi

Ninakuandikia wewe uliyezibwa jino ukijua maumivu yamekwisha, na sasa unaogopa hata kunywa maji. Nimepita hapo. Mungu amenivusha, ndiyo maana naweza kusimulia.

Ninaishi Njombe, nafundisha shule ya msingi. Anayeijua Njombe mwezi wa sita na wa saba anaijua baridi yetu. Kuna alfajiri nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, na maji ya bomba yanachoma vidole. Ni majira hayo gego langu la chini, upande wa kulia, lilipozibwa.

Lilikuwa na tundu la siku nyingi. Daktari alinichoma sindano ya ganzi, akakwangua palipooza, akajaza dawa nyeupe na kuikausha kwa ile taa yenye mwanga wa buluu. Sikusikia kitu. Akaniambia tundu limeingia ndani, karibu na kiini cha jino, kwa hiyo ubaridi ungenisumbua kwa muda. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Jioni ganzi iliisha. Nikanywa maji. Nililia kwa sauti mpaka mwanangu mdogo akaacha chakula, akaja mbio.

Siku zilizofuata nazikumbuka vizuri mno. Maji baridi yalinichoma. Chai ya moto ilinichoma. Hata hewa. Mwalimu akisimama mbele ya darasa asubuhi hana budi kufungua mdomo, na kila nilipovuta pumzi ili niseme neno, baridi ilipenya hadi kwenye mfupa wa taya. Nikawa nafundisha nimejifunga mtandio mdomoni. Mazoezi ya kwaya nikaacha. Na bado kutafuna kulizidi baridi. Nikifunga mdomo tu, jino lile ndilo lililotangulia kugusa, na maumivu yakapanda mpaka sikioni. Mume wangu akawa ananipondea viazi na parachichi kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Kuna usiku mmoja siusahau. Watoto wamelala. Niko jikoni peke yangu. Jino linapiga. Nimekwisha kumeza dawa ya maumivu. Bado linapiga. Nikamkumbuka marehemu mjomba. Yeye alianza na jino. Taya likavimba. Homa ikapanda. Hakupona. Nikajishika taya. Halijavimba. Nikajishika tena. Nilikuwa natetemeka. Nilitaka kuomba, maneno hayakuja. Nikasema, Bwana, basi. Nikarudia. Bwana, basi.

Mume wangu akanikuta hapo. Hakuniuliza kitu. Alinifunika blanketi, akakaa chini pembeni yangu mpaka kukapambazuka. Nikamwambia, "Baba, nipeleke waling'oe." Akanijibu, "Tutakwenda, mama. Lakini kwanza watuambie linaumwa nini."

Neno hilo ndilo lililoliokoa jino langu. Mama mkwe alikuja asubuhi hiyo na karafuu, nikaibana pale, ikanituliza kidogo. Aliniwekea mkono kichwani, akaniombea, akabaki na watoto.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema maumivu ya usiku hayapuuzwi, nimefanya vema kurudi. Akapiga picha ya eksirei. Akaligonga jino taratibu kwa mpini wa kile kioo chake, nikaruka. Kisha akaligusa kwa pamba yenye ubaridi, akasikiliza ninavyolalamika. Maumivu yalikuja makali, lakini alipoiondoa pamba yakaisha mara moja. Alifurahi. Akaeleza kwamba kiini kikiwa kimeharibika, maumivu hubaki muda mrefu baada ya ubaridi kuondoka, kupita hata sekunde 30. Changu kilikuwa kimeshtuka tu, bado kizima.

Halafu akaweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno. "Uma, mwalimu. Saga kulia, saga kushoto." Nilipofungua mdomo, alinionyesha doa zito juu ya ile dawa ya kuzibia. Ilikuwa imeinuka. Kidogo sana, hata kwa macho huoni. Lakini kila nilipofunga mdomo jino lile lilikuwa linabeba uzito wa taya zima, na nyuzi zinazolishika kwenye mfupa zilikuwa zimeumia. Siku ya kuzibwa nilikuwa na ganzi, nisingeweza kuhisi. Akapasaga muda mfupi tu, akaniambia niume tena. Meno yakakutana yote kwa pamoja. Nililia pale kitini, safari hii kwa shukrani.

Ubaridi haukuondoka siku hiyo. Daktari alinifafanulia kwamba chini ya gamba gumu la jino kuna tabaka lenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji ndani. Baridi ikigusa, majimaji yanasogea na mshipa wa fahamu unashtuka. Jino lililochimbwa linahitaji muda. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Langu, kwa kuwa tundu lilikuwa refu, lilikawia zaidi. Alinishauri nitumie mswaki laini na dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, asubuhi na usiku, niteme povu bila kusukutua kwa maji mengi, na nisikate tamaa, maana haifanyi kazi kwa siku moja.

Kutafuna kulirudi ndani ya siku chache. Ubaridi ulipungua polepole mno, mpaka Jumapili moja nikaimba ibada nzima na kukumbuka jino nikiwa njiani kurudi. Leo natafuna mahindi ya kuchoma upande uleule. Maji ya bomba ya mwezi wa saba bado nayapitisha kushoto. Jino haliumi. Ni woga uliobaki, nao namwachia Mungu.

Ndugu yangu unayeumia, kama ni ubaridi tu, na unaisha ukimeza, na kila wiki una nafuu, vumilia, unapona. Kama ni ukiuma meno, rudi kwa aliyekuziba, mwambie jino linatangulia kugusa. Usione haya, ni kazi yake. Kama maumivu yanakuja yenyewe, yanakuamsha usiku, au yanazidi badala ya kupungua, rudi upesi, na usikubali ling'olewe kabla hujauliza kama mzizi unaweza kutibiwa. Mweleze mtu wa nyumbani kwako, asikuache ukae jikoni peke yako. Na uso ukivimba, homa ikipanda, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo.