Kuni za Bure



Msimu wa baridi katika nyanda zetu za juu za Njombe una desturi yake. Asubuhi za Juni na Julai mabondeni nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda, na ndugu zetu wa Makete, kuelekea uwanda wa Kitulo, wanaijua hali hiyo kuliko sisi. Katika nyumba nyingi, kazi ya kwanza ya siku, kabla ya chai na mara nyingi hata kabla ya sala, ni kuinjika maji ya kuoga. Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja nanyi juu ya maji hayo: yanapashwa kwa njia gani, kwa gharama kiasi gani, na gharama hiyo inalipwa na nani.

Huenda wengine watauliza padre ana shughuli gani na sufuria la maji ya kuoga. Tunawakumbusha mjane wa Sarepta. Nabii Elia alipofika kwenye lango la mji ule, alimkuta mama huyo akiokota kuni. Tumezoea kuhubiri juu ya unga na mafuta yake ambayo hayakupungua, lakini mara chache tunasimama kwenye zile kuni. Ukame wa siku za Elia ulipita. Kazi ya mama yule haijapita: simama jioni kwenye njia ya kuingia kijiji chochote cha kwetu, utamwona akirudi na mzigo kichwani na binti yake nyuma na mzigo mdogo wake.

Sisi tuliolelewa seminarini tulizoezwa kuoga maji baridi saa kumi na moja alfajiri, na hatukudhurika. Lakini nidhamu anayoichagua kijana mwenye afya haiwezi kufanywa sheria ya watu wote. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Mtoto mchanga haogeshwi kwa maji yaliyotoka mtoni. Bibi mwenye maumivu ya viungo akiyakosa maji ya moto, hukaa siku kadhaa bila kuoga na kuona haya kuja kanisani. Kwa watu hao maji ya moto si anasa hata kidogo. Ni sehemu ya afya na heshima yao.

Basi na tufanye hesabu, kwa kuwa upendo usiojua kuhesabu huwaelemea wengine bila kujua. Tuchukue familia ya watu 6, kila mmoja akioga lita 10 kwa siku. Hizo ni lita 60. Asubuhi ya baridi maji yetu huwa na nyuzi 15 hivi, na ya kuoga yanapendeza yakifika nyuzi 40. Kwa kipimo cha umeme, joto linalohitajika ni karibu uniti 1.75. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti zaidi ya 4, kwa hiyo kilo isiyofika hata nusu ingetosha. Lakini mafiga matatu yaliyo wazi hupeleka katika sufuria sehemu moja hivi tu kati ya kumi za joto la moto. Sehemu tisa zinachukuliwa na upepo, moshi na kuta. Hivyo nusu kilo inageuka kuwa kilo 4 kila siku, na kwa mwaka karibu tani moja na nusu. Mtu akibeba kilo 25 kwa safari moja, hizo ni safari karibu 60 kwa ajili ya kuoga tu, kabla hatujapika ugali wala maharage.

Hesabu hiyo tuliisoma katika mkutano wa jumuiya ndogondogo moja. Baba mmoja, mtu mwema na mchapakazi, akasema, “Baba Paroko, hita ya sola ni mambo ya watu wa mjini. Sisi kuni zetu ni za bure.” Kabla hatujapata la kujibu, bibi mmoja aliyeketi mkekani akasema taratibu, “Za bure kwa anayeoga, mwanangu.” Watu walicheka, kisha wakanyamaza kwa muda.

Wapendwa, katika maneno hayo ya bibi limo jambo lote tunalotaka kusema leo. Chombo kipya cha kupasha maji kinaonekana ghali kwa sababu tunakilinganisha na kitu tulichokwisha kukiandikia bei ya sifuri. Lakini sifuri hiyo imeandikwa juu ya shingo ya mama. Imeandikwa katika saa ambazo binti angesoma. Imeandikwa pia katika mapafu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na moto wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Hata mti wenyewe siku hizi si wa bure. Miwati na misindano iliyopandwa katika vilima vyetu ina wanunuzi, na tawi linaloingia mafigani mara nyingine lingeweza kuuzwa.

Je, tufanye nini? Hatuanzi na chombo cha gharama kubwa. Tunaanza pale ambapo kila nyumba inaweza kuanza kesho.

Kwanza, tuzuie upotevu. Kuni zipasuliwe ndogo na zikaushwe chini ya paa, kwa maana kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake. Sufuria lifunikwe. Tusichemshe maji ya kuoga hadi yatokote kisha tuyapoze kwa maji baridi, isipokuwa pale usalama wa maji yenyewe unapotudai hivyo. Jiko banifu la udongo, ambalo mafundi wa vijijini wanaweza kulijenga kwa tope, mchanga na matofali, hupunguza kuni kwa karibu nusu likijengwa vizuri. Nusu ya safari 60 ni safari 30. Mama aliyeondolewa safari 30 hahitaji kuelezwa maana yake.

Pili, tulinde joto tulilokwisha kulipata. Maji yaliyopashwa usiku kwenye makaa ya chakula cha jioni yanaweza kutiwa katika chombo chenye kifuniko, kikawekwa ndani ya kikapu au sanduku lililojazwa majani makavu au vitambaa, na kufunikwa kwa blanketi kuukuu. Asubuhi yatakuwa bado na uvuguvugu. Nyumbani kwa mapadre tumefanya hivyo msimu mzima, na mpishi wetu sasa hawashi moto wa alfajiri isipokuwa kwa chai.

Tatu, ndipo tulitazame jua. Kwa wastani wa siku, jua la nchi yetu humwaga juu ya kila mita moja ya mraba nishati ya uniti 4 hadi 7. Hita ya sola iliyo nzuri hunasa karibu nusu yake. Kwa hiyo bamba la mita 2 za mraba laweza kupasha lita 150 hadi nyuzi 40 katika siku yenye jua, na familia ya watu 6 hutosheka na kubakiza. Ufundi wake ni mwepesi kueleweka. Mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi hulala chini ya kioo. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tenki lililo juu ya bamba, na maji baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Tenki limevikwa nguo nene ya kuzuia joto lisitoke, hivyo maji ya mchana huoga watu jioni, na hata alfajiri ya pili.

Lakini anayetaka kununua na ajue mambo manne, ili asije akajuta. Sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo bamba lielekezwe kaskazini. Tenki la lita 150 likijaa hupita kilo 150 bila kuhesabu chuma chake, na paa la miti michache halitalibeba. Ni heri kulijengea nguzo za matofali kando ya nyumba. Maji nayo hayana budi kufika huko juu: penye bomba la maji ya mserereko lenye nguvu inawezekana, lakini nyumba inayoteka maji kwa ndoo yafaa ianze na dumu jeusi ndani ya sanduku la kioo, ambalo hujazwa asubuhi na kutoa maji ya uvuguvugu alasiri. Mwisho, penye baridi ya kugandisha, maji yaliyolala ndani ya mabomba ya bamba yanaweza kuyapasua usiku. Mnunuzi amwulize fundi juu ya aina ya mirija ya kioo yenye ombwe, au ile ambayo ndani ya bamba hupita kimiminika kisichoganda. Na katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, mawingu yatatulazimu kurudi kwenye jiko banifu. Hakuna aibu katika hilo. Jua litakuwa limekwisha kutufanyia sehemu kubwa ya kazi ya mwaka.

Wengine wanasema umeme umefika kijijini, basi tununue hita ya umeme ya bafuni. Tunamshukuru Mungu kwa umeme. Lakini tuangalie: zile uniti 1.75 za kila siku ni uniti zaidi ya 50 kwa mwezi. Nyumba nyingi za kwetu zimo katika kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza taa, redio na pasi, mpaka huo unavukwa, na bei ya uniti hupanda mara moja. Umeme ni mtumishi mzuri wa taa. Kwa maji ya familia nzima ni mtumishi wa gharama.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunaupokea kwa moyo wa shukrani. Hata hivyo jina lake lataja kupikia, na nyumba yaweza kupata mtungi wa gesi kwa ajili ya mboga huku kule nyuma mafiga ya maji ya kuoga yakiendelea kuwaka kama zamani. Tusiyasahau hayo mafiga ya nyuma.

Linabaki swali la fedha na la uamuzi. Hita ya sola si bei ndogo, na familia nyingi zingelazimika kuuza ng'ombe. Hapa jumuiya zetu zinaweza kusaidia. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo, na vimenunua mabati, viti na vyombo vya harusi. Kwa nini kikundi kisichangie majiko banifu ya wanachama wote kwa mwaka mmoja, kisha hita moja moja kwa zamu, kuanzia nyumba yenye mgonjwa au mzee? Nao akina baba tunawaomba jambo moja. Mara nyingi mwenye kauli juu ya paa na juu ya ng'ombe si yule anayebeba kuni. Kabla ya kusema chombo fulani ni ghali, baba na aende porini juma moja, alete yeye mwenyewe kuni za maji anayooga. Akirudi, na wakae na mama mezani, wafanye hesabu upya wakiwa wawili.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituunganishia kilio cha dunia na kilio cha maskini. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuvisikia vyote viwili. Vinasikika katika sauti ya shoka jioni, na katika kikohozi cha alfajiri.

Mungu aliyemwona mjane wa Sarepta akiokota kuni awaone na mama zetu, na atupe sisi tuogao mikono ya kuwapunguzia mzigo. Amina.

Tunawatakia Dominika njema.