Issuna na Gharama ya Vita vya Wakubwa

Barabara itokayo Manyoni kwenda Singida hupita Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi katika nchi ya Wanyaturu. Ukirudi kusini unaingia Manyoni, mlango wa magharibi wa Ugogo. Ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, na wenyeji wake hulima mtama, uwele na alizeti, tena hufuga ng'ombe na mbuzi. Nafaka iliyomo kihengeni ndiyo huivusha kaya hadi mavuno yajayo, na mifugo iliyomo zizini ndiyo akiba ya mwisho mvua ikikosekana.

Tulipita huko pamoja na watoto wetu, nao wakatuuliza swali la darasani: vita vya Roma na Carthage, vilivyopiganwa ng'ambo ya Sahara kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), vinatuhusu nini sisi? Tuliona jibu lake limo katika vihenge hivyo hivyo.

Roma ilikuwa Italia, na Carthage ilikuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Dola hizi mbili ziligombania bahari na biashara, zikapigana mara tatu kati ya mwaka 264 na 146 K.K. Vita vya kwanza vilidumu miaka 23, na sehemu yake kubwa ilipiganwa katika kisiwa cha Sicily, nyumbani kwa watu wengine. Mwaka 218 K.K. Hannibal wa Carthage alivuka milima ya Alps na tembo wake, na kwa takriban miaka 15 jeshi lake likala mazao ya vijiji vya Italia. Wahenga wetu wamesema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Masinissa, mfalme wa Numidia, aliwasaidia Warumi kumshinda Hannibal huko Zama mwaka 202 K.K. Mwaka 146 K.K. Carthage ikateketezwa, na watu wake waliosalia wakauzwa utumwani. Haikupita hata miaka mia na moja, Numidia nayo ikafanywa jimbo la Roma. Urafiki wa mkubwa haukuwa kinga kwa mdogo. Nchi ya Carthage iliyotekwa Warumi waliiita Africa, na jina hilo la jimbo ndilo lililoenea hadi likawa jina la bara letu zima.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza waliuleta ugomvi wao wa Ulaya katika ardhi hii. Wajerumani walichukua wanaume, ng'ombe na nafaka za Ugogo kwa ajili ya jeshi lao. Julai 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yakaingia Dodoma, nayo yakataka wapagazi na chakula. Mvua zilipokosekana, vihenge vilikuwa vitupu na mazizi yamepungua. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ikaua maelfu ya watu.

Wapagazi nao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kwa upande wa Waingereza peke yake walihesabiwa zaidi ya 40,000. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ni jina la soko: Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na jina la kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 1919, wakubwa walipogawana makoloni huko Versailles, hakuna Mgogo wala Mnyaturu aliyeulizwa.

Basi hili ndilo tulilowaambia watoto. Vitabu huhesabu vita kwa majina ya majemadari, lakini hesabu iliyo ya haki huanza kwa aliyechukuliwa chakula chake katika ugomvi asioujua. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki. Akiba hiyo huhitaji amani, kwani kihenge hakina ngome mbele ya jeshi.

Wazazi wenzetu, waulizeni wazee waliobaki: ni nani katika ukoo aliyekwenda kubeba mizigo ya vita na hakurudi? Mkilipata jina, liandikeni, wafundisheni watoto, na mumwombee rehema.