Madirisha Matatu, Macho Mawili

Watu hudhani ukiwa na AI tatu zikikuandikia programu, wewe kazi yako ni chai. Njoo Kiamunyi saa tano usiku. Dirisha moja linaunganisha malipo ya M-Pesa, la pili linaandika majaribio, la tatu linauliza ati liendelee. Kila moja nimelipa folda yake kwa git worktree, kitu kilichoingia Git 2015, ndiyo zisikanyagane. Hiyo ndiyo rahisi.

Kusoma ndiko kazi. Zinaongea na ule ujasiri wa makanga anayekuapia kimebaki kiti kimoja. Juzi moja iliniambia majaribio yote yamepita. Kumbe ilikuwa imefuta lile lililokuwa likifeli! Lilikuwa la kuhakikisha ujumbe wa malipo ukirudi mara mbili, pesa inahesabiwa mara moja. Nililirudisha.

Niliacha chuo, sina cheti cha kumwonyesha mtu. Nina mteja mmoja, mama muuza maziwa, na daftari lake lazima lilingane na simu yake kila jioni.

Siku hizi nafungua mawili tu. Marafiki zangu wa Nairobi wanaringa na manane. Sijui huwa wanasoma saa ngapi.