Kwa Baiskeli Hadi Iringa

Barabara ya Mbeya kwenda Iringa nilidhani naijua. Nimeipita kwa basi tangu utotoni, na kwa basi ni safari ya kusinzia: unafumba macho Igurusi, unayafumbua Makambako wachuuzi wakigonga dirisha. Mimi na binamu yangu tulipoamua kuipita kwa baiskeli, kilomita zaidi ya 300, tulikaa kuhesabu vilima vya njiani na hatukufika mbali. Ndipo maandalizi yakaanza kwa kuuliza watu.

Hapa Mbeya msafiri wa baiskeli si kitu kigeni. Tour d'Afrique, ule msafara wa kutoka Cairo hadi Cape Town ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukipita kwetu. Lakini mizigo ya wale hubebwa na gari, na sisi gari hatukuwa nalo. Walimu tuliwapata jirani zaidi: vijana wanaoingiza mkaa mjini alfajiri, magunia yamefungwa nyuma yao, mabonde na milima wakiikata kila siku bila kushangiliwa na mtu. Nilimkuta mmoja Uyole akipumzika, nikamuuliza mzigo unafungwaje. Akafungua wake wote na kuufunga upya ili nione. Kizito kikae chini, ubavuni mwa gurudumu, kulia na kushoto sawasawa. Chepesi ndicho kikae juu. "Ukiweka kizito juu, kaka, mlimani baiskeli inainua uso," alisema. Kamba za katani alizikataa. Vipande vya tyubu kuukuu ndivyo vinavyofaa, kwa sababu vinavutika, na mzigo ukitikisika vinaurudisha mahali pake.

Fundi wetu wa Mwanjelwa naye alikuwa na elimu yake. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, na nilifikiri ataanza na gia. Aliipindua magurudumu juu, akalizungusha la nyuma polepole, akawa anagonga spoku moja moja kwa spana huku ametega sikio. Iliyolia nzito aliikaza, iliyolia nyembamba kupita kiasi akailegeza robo ya mzunguko, akarudia na kurudia mpaka gurudumu zima likatoa mlio mmoja. "Spoku ikikatika huko Igawa usiku, mwanangu, utamwamsha nani?" Akazifunga za akiba kwa utepe kwenye bomba la fremu. Nikaomba spana nami nijaribu. Kweli, sikio linasikia kasoro ambayo jicho halioni! Kwa siku nzima nilitamani kugonga spoku za kila baiskeli niliyoiona imeegeshwa.

Miguu tuliinoa kwenye barabara ya Chunya, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Tukangoja Julai, mvua zimekwisha na mahindi yamevunwa, tukaondoka kabla ya mapambazuko tumevaa glovu na masweta mawili mawili.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa malori. Baada ya Uyole, kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, yanashuka kwa gia nzito, mengine yametoka Zambia na Kongo, na harufu ya breki zake inakaa hewani muda mrefu. Ukiwa ndani ya basi, lori ni kitu cha kupitwa tu. Ukiwa juu ya baiskeli, lina upepo wake: linapokaribia linakusukuma pembeni, na mkia wake ukishapita unakuvuta kuelekea katikati ya barabara. Tuliziacha pembe za usukani zicheze kidogo mikononi, mabega tumeyalegeza, na kila tuliposikia ngurumo nyuma tulishika ukingo wa lami. Hofu haikuniisha hadi Inyala.

Kisha ardhi ikaanza kuzama. Tunaita Nyanda za Juu Kusini, na mimi niliziona moyoni kuwa zimeungana, Mbeya hadi Iringa, baridi moja na kijani kimoja. Sivyo. Kutoka mjini hadi Chimala tuliteremka takribani mita 600, na kufika uwanda wa Usangu joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria ya wali iliyofunuliwa. Masweta yakaingia kwenye mzigo moja baada ya jingine. Milima ilibaki mkono wa kulia, ukuta mrefu wa buluu, na mkono wa kushoto dunia ikawa tambarare hadi macho yanapoishia.

Chimala tuliingia kwa mama lishe mmoja tukiwa vumbi tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi na jua hili?"

"Mbeya, mama."

"Mbeya ya wapi?" Akatoka nje kuziangalia baiskeli, akaminya tairi kwa kidole gumba, ndipo akapakua. Kwetu mchele ni wa Kyela, nimekua nikiambiwa hakuna mwingine. Huu wa Mbarali nilikula sahani mbili, na wa Kyela sikuukumbuka hata mara moja.

Tulilala Igawa. Kesho yake, kutoka pale hadi Makambako, tulirudishiwa urefu wote tuliokuwa tumeuteremka, na juu yake tukaongezewa upepo. Huo ndio mlima ambao mazoezi ya Chunya hayakutufundisha. Mlima una kilele, unakiona na unajipa moyo. Upepo wa kusi hauna. Unakuja ubavuni, unageukia usoni, na hata kwenye mteremko unalazimika kukanyaga pedeli. Tukaanza kupokezana, mmoja mbele anaukinga, mwingine amejificha nyuma yake, na kwa saa nyingi hatukusemezana. Mara mbili tatu reli ya TAZARA ilitusogelea kisha ikatuacha. Watu tuliokutana nao walikuwa sasa wanatusalimu "kamwene", nasi tukaitikia vilevile, tukijua tumekwisha kuvuka kwetu.

Kabla ya Mafinga nilipata furaha ambayo basi halikuwahi kunipa. Msitu wa Sao Hill, ambao kwa dirishani ni mistari ya misonobari inayokimbia, una harufu, na harufu hiyo inabadilika: mbao mbichi, moshi, kisha utomvu. Tulisimama. Kwenye baadhi ya mashina gome lilikuwa limekwanguliwa na mfuko wa plastiki umefungwa chini ya jeraha, na ndani yake utomvu mweupe mzito umejaa nusu. Nilichovya kidole. Haukutoka hadi jioni, hata kwa sabuni.

Mafinga hadi Iringa ni takribani kilomita 80, na nyingi zilikuwa rehema, barabara ikishuka kidogo kidogo kupitia Ifunda na Tanangozi hadi daraja la Ruaha Mdogo pale Ipogolo. Mji wa Iringa wenyewe uko juu ya genge. Tulikunywa maji, tukaweka gia ya chini kabisa, tukapanda. Dereva mmoja wa bajaji alipunguza mwendo, akatusindikiza kona mbili nzima akipiga honi na kuwaambia wapita njia kwamba hawa wametoka Mbeya. Juu kabisa tuliziegemeza baiskeli ukutani na kuagiza ugali mkubwa na nyama, na kabla haujaisha binamu yangu alikuwa ameshamuuliza mhudumu barabara ya Dodoma ina milima mingapi.