Usimfiche Daktari Kikombe cha Chai

Kama umelelewa mitaa ya Eastlands, iwe Jericho, Umoja au Kayole, wajua kwamba kwetu mgonjwa hafarijiwi kwa maneno matupu. Huletewa chupa ya chai iliyokolea maziwa, na mandazi juu yake.

Basi usishangae nikikwambia kwamba mpwa wangu wa miaka minane, aliyekuwa apasuliwe ngiri mwaka jana, alinyweshwa uji alfajiri na nyanya yake. "Mtoto atakatwaje na njaa?" mama huyo aliuliza kwa uchungu, kisha akamwonya mjukuu asiseme neno hospitalini. Lakini nesi alipomuuliza, mtoto alitaja hata sukari ilivyokuwa tamu! Upasuaji ukaahirishwa, na nyanya akanuna ndani ya matatu hadi nyumbani.

Kwangu mimi, ulimi wa mtoto yule ulimkinga. Hebu fikiria: ukiwa usingizini na chakula kikupande kooni, utakohoa uamke. Dawa ya nusukaputi huzima kikohozi hicho, tena hulegeza msuli unaofunga mdomo wa tumbo. Uji hupanda, ukateremkia mapafuni. Chakula kigumu huziba pumzi. Tindikali ya tumbo huyachoma mapafu yenyewe.

Mama mwenye uchungu wa uzazi yumo hatarini zaidi, kwani tumbo lake huchelewa kusukuma chakula. Mwaka wa 1946, Dkt Curtis Mendelson wa New York alieleza habari za akina mama 66, kati ya wajawazito 44,016, walioingiwa mapafuni hivyo. Wawili walikufa kwa kukabwa na chakula. Hii ni sababu moja ya wengi wanaopasuliwa ili wajifungue kudungwa sindano ya mgongoni, wakabaki macho.

Kwa kawaida, nyama na chipsi huhitaji saa nane kabla ya upasuaji, mlo mwepesi saa sita, maziwa ya mama saa nne, maji matupu saa mbili. Chai ya maziwa, ndugu yangu, huhesabiwa kama chakula. Strungi huhesabiwa na maji. Kwa hivyo ukiambiwa usiguse hata maji tangu jioni, si utovu wa adabu kuuliza kwa nini.

Dharura haingoji saa hizo. Hapo daktari wa usingizi hupitisha mpira kooni upesi ili alinde njia ya hewa, lakini hujiandaa hivyo akijua kwamba mgonjwa ameshiba.