Mfarishi wa Leso za Mama

Iwapo umepata kuingia katika nyumba ya mshonaji, hapana shaka umeona mfuko wa vipande vya nguo nyuma ya mlango. Kwa watu wengi mfuko ule ni taka ingojayo kuchomwa. Kwangu mimi ni akiba. Kutoka katika mfuko wa namna hiyo nimeshona mifarishi kwa miaka 11 sasa, wala sijauza hata mmoja. Yote imekwenda kwa watu wa nyumba yetu.

Mfarishi, ikiwa neno hili ni geni kwako, ni nguo ya kitandani yenye matabaka matatu. Juu ni viraka vilivyounganishwa; katikati ni pamba, au blanketi kuukuu kwa mtu asiye na fedha za pamba; na chini ni bitana. Matabaka hayo hushikwa kwanza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kisha hushonwa kwa mkono kutoka katikati kwenda pembeni, ili nguo isijikunje. Jihadhari na haraka. Kabla ya kukata, fua kila kitambaa peke yake, maana pamba mpya hurudi ikiona maji, na rangi nyekundu haina adabu. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona bila ya kufua vitambaa. Siku mpwa wangu alipouloweka, nyeupe yote iligeuka waridi. Mtoto aliupenda zaidi. Mimi niliona haya. Wala usidanganyike kununua vitenge vipya dukani ili uvikatekate. Huko ni kununua blanketi kwa bei ya mablanketi matatu. Kazi hii yataka nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu umjuaye.

Na hapo ndipo nilipokosea.

Mama yetu alipofariki aliacha sanduku lenye doti 7 za leso. Wajua kwamba leso huuzwa mbili mbili, na kila moja ina pindo, mji na jina, yaani maneno yake. Doti moja, aliyoinunua Mombasa katika Barabara ya Biashara, iliandikwa “Nani kama mama”. Ilikuwa imepauka, lakini uzi wake ulikuwa bado imara. Binti wa mdogo wangu alikuwa karibu kuolewa, nikadhani hapana zawadi bora kwake kuliko mfarishi wa leso za bibi yake. Nikashika mkasi. Sikumwuliza mtu.

Nilikuwa nimekwisha kukata leso moja vipande 24 mdogo wangu alipoingia. Aliviangalia mezani, akaokota kimoja. Kilisomeka “Nani kama”, basi.

“Dada,” akasema, “hii ndiyo aliyonifunika nayo nilipougua surua. Ungeniuliza.”

Hakuongeza neno. Akatoka, na kwa majuma matatu hakukanyaga kwangu.

Moyoni nilijitetea kwa hoja nyingi. Niliwahi kusoma habari za Missouri Pettway wa Gee's Bend, katika Alabama, Marekani, ambaye mwaka 1942, baada ya kufiwa na mumewe, alizikata nguo za kazi za marehemu akashona mfarishi wa kujifunika, binti yake akimsaidia. Nikajiambia: tazama, kukata si kutupa. Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na tundu. Mama yule alikata nguo za mumewe mwenyewe, na mtoto wa marehemu alikuwa pamoja naye katika kazi. Mimi nilikata nguo ya mama wa watu wawili, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.

Nikaenda kwake na vile vipande 24 ndani ya kikapu, pamoja na leso ya pili ya doti ile, ambayo mkasi haukuigusa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia leso nzima iwe yake, na vipande aseme mwenyewe viwe nini. Alinyamaza kitambo, akaipeleka leso puani, ingawa ilikuwa imefuliwa mara nyingi. Kisha akauliza sindano iko wapi.

Tuliushona mfarishi ule kwa Jumamosi 9. Mdogo wangu si mshonaji. Hakubali kuvaa subana, na akijichoma kidole hulalamika kana kwamba mimi ndiye niliyemchoma. Alitaka kipande cha “Nani kama” kikae kando ya kipande cha “mama”, maneno yakutane tena, jambo lililotulazimu kufumua safu nzima. Tukishona, alinisimulia habari za surua ile, ambazo sikuzijua kamwe, maana wakati huo nilikuwa katika shule ya bweni: jinsi mama alivyokesha, na jinsi alivyolitia dirisha pazia ili mwanga usimwumize macho.

Mfarishi sasa uko katika nyumba ya bibi arusi. Ukiutazama kwa karibu utaona upande wa kushoto una mishono midogo iliyonyooka, na wa kulia una mishono mirefu ipindayo kama njia ya mbuzi. Usiku mmoja kabla ya arusi ilinijia tamaa ya kuifumua ile ya kulia na kuishona upya, mwenyewe akiwa amelala. Nilikwisha kushika mkasi. Nikaurudisha sandukuni.